Kaskazi ya Matrah

Je, siku ile mama yangu alikosea majira, au alijua vyema alitendalo? Mwenyewe amekwisha kufariki, na mimi, niliyefundishwa chuo kikuu kupima ushahidi, bado sina jibu. Ninachokumbuka kwanza ni harufu kali ya ukwaju uliorowekwa, na sakafu iliyotoka kuoshwa ikiniuma nyayo kwa ubaridi, katika nyumba ya Ami Nasor, kaka mkubwa wa baba, huko Matrah, mji wa bandari ng'ambo ya bahari. Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini. Tulikuwa tumetoka Unguja mwaka uliotangulia. Baba alikuwa Kuwait akitafuta kazi. Mama, mdogo wake Zuhura, na mimi, mtoto wa miaka minane, tulikuwa tukila chakula cha Ami na kulala chini ya dari yake.

Khalati Zuhura alikuwa amekaribia kumaliza mafunzo ya ualimu tulipoondoka. Matrah ya siku zile haikuwa na skuli ya wasichana, basi alinifundisha mimi kusoma, akiandika kwa kijiti juu ya mchanga wa uani. Ami alikuwa amempatia mchumba, mwanamume wa kijiji cha Hail aliyefiwa na mkewe, na mama wa bwana huyo, Bi Thureya, alikuwa anakuja kumtazama msichana. Zuhura hakuulizwa. Kumkataa mgeni wa Ami ndani ya nyumba ya Ami lilikuwa jambo lisilosemeka. Lakini kama mgeni angeghairi mwenyewe, hapangekuwa na wa kulaumiwa. Hilo nimelielewa ukubwani.

Mama alitangaza kwamba atawaandalia wageni karamu ya kaskazi, kama tulivyozoea kwetu mwezi wa Januari, joto linapowatoa watu jasho hata kivulini. Unguja, kaskazi ni jina la joto. Matrah, upepo wa upande huo huo uliingia kutoka baharini ukiwa na makali, na watu walijifunika mashali ya sufi. Mama alikunja mazulia yote, akatandika mikeka mitupu, akafungua madirisha ya upande wa bahari. Sharubati ya ukwaju ilikuwa imening'inizwa upeponi tangu jana yake ndani ya mtungi. Sisi wenyeji tulivaa kanga nyepesi. Kila mgeni alipoingia, nilimkabidhi kipepeo cha ukili cha kujipepea, kama nilivyoagizwa.

Wanawake watatu wa Hail walikaa wamejikunyata, mashali yamefika kidevuni, vipepeo vimelala mapajani. Nilisikia bilauri ikigonga meno ya mmoja wao. Zuhura aliinamisha uso. Mama aliendelea kumimina sharubati kwa utulivu ulionitisha kuliko ukelele.

"Kunywa, Bi Thureya. Kaskazi hii, mwili unataka cha baridi."

Bi Thureya, aliyekuwa ameolewa Pemba ujanani, aliweka bilauri chini. "Mwanangu, kaskazi naijua. Nimeitolea jasho Pemba. Hii ya hapa inaua wazee."

"Tuwie radhi, sisi wageni. Bado hatujazoea."

"Hujazoea na shali lako limening'inia pale mlangoni?" Kisha akamgeukia Zuhura. "Na wewe, bibi harusi. Umeniita uolewe na mwanangu, au umeniita unizike?"

Mmoja wa wenziwe alicheka, akajiziba mdomo. Zuhura aliinua uso.

"Sitaki kuolewa, Bibi. Nnataka kusomesha."

"Ungalinambia mlangoni, nisingalivua viatu," akasema Bi Thureya, akainuka, na wenziwe wakamfuata.

Ami aliporudi kutoka sala ya alasiri, habari zilikuwa zimemfika njiani. Hakupaza sauti. Alisimama nyuma ya pazia na kusema, "Mke wa ndugu yangu, chagua. Zuhura ataposwa tena Hail na ataitikia, au nyote watatu mtafute pa kukaa."

"Nimesikia, shemeji," mama akajibu, akaendelea kukunja mikeka.

Leo ninaishi Al Khuwair, katika nyumba ambamo Januari na Agosti hubadilishwa kwa kitufe. Binti yangu alimkataa mchumba kwa simu, akiwa anakula, kisha akaniomba nimpitishie chumvi. Nilimpitishia.

Asubuhi iliyofuata amri ile ya Ami, mama alijitwika godoro. Zuhura alibeba masufuria, mimi nikabeba mtungi mtupu. Tulishika njia ya Darsait, ambako, kwa nijuavyo mimi, mama hakuwa amewahi kufika. Alitangulia mbele, akakata kona baada ya kona, mpaka kwenye kibanda cha makuti ya mitende ambacho mlango wake ulikuwa wazi na uwanja umefagiliwa. Njia nzima hakumwuliza mtu.