Matofali Nyuma ya Tata

Barabara inaponyunyiziwa maji kutuliza vumbi, harufu ile ya udongo mwekundu hunirudisha nyuma ya geti la bati la nyumba yetu ya Dilala, nikiwa na miaka kumi, nimefungiwa. Kila asubuhi Mama alitia kufuli kabla ya kwenda kuuza unga sokoni, kwa sababu malori ya madini yalipita mbele yetu kama yanayofukuzwa. Nililichukia lile kufuli hata lilipokuwa wazi.

Tata, baba yangu, alikuwa dereva wa mojawapo ya malori hayo. Miezi ilipita bila yeye kulala nyumbani. Alitoka mgodini, akapita mbele ya mlango wake mwenyewe, akaelekea mpakani. Kusimama hakukuruhusiwa, wala kupunguza mwendo, maana vijana walikuwa wakirukia mizigo. Na mimi, niwaambie ukweli, nilikuwa nimeanza kuusahau uso wake. Hilo lilinitisha kuliko malori.

Basi nilipanda juu ya beseni lililopinduliwa kando ya ukuta, nikashika simu kuukuu ya Mama ili nimpige picha, nikangoja honi mbili fupi alizopiga kila alipopita. Kila mara nilipata ukungu mwekundu. Jirani yetu Mama Odette, aliyepiga watu picha za kitambulisho barazani kwake, aliziangalia picha zangu akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka.

"Huyu ni tata yako ao ni moshi?" akaniuliza. "Ile kamio ya tata yako iko inakimbia, na weye umesimama. Anza kuifwata tangu kule mbali, geuka nayo."

Nikajifunza kwa pikipiki za teksi na kuku wa watu. Pikipiki zilitoka wazi pichani, Tata hakutoka. Alipopiga simu nilimlilia kwamba picha yake imenishinda. Akauliza tu huwa nasimama upande gani wa ukuta.

Safari iliyofuata nilimpata: uso wote, mkono dirishani, hata ndevu ambazo hakuwa amenyoa. Nilijiona fundi. Siku chache baadaye alirudi nyumbani na blanketi kwapani. Mashine ya ndani ya lori ilikuwa imemsema kwamba alipunguza mwendo, na kazi ikaisha. Mama alilia. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba sasa tulifungiwa wawili. Sikuuliza alipunguza wapi.

Leo napiga picha za harusi na mbio za pikipiki, ndiyo kazi yangu. Ukimfuata kwa kamera anayekimbia, yeye hutoka wazi na kila kilicho nyuma yake huvutika kikawa mistari. Juzi niliitazama tena picha ile ya kwanza. Nyuma ya Tata kuna ukuta wa shule ya ng'ambo ya barabara, na matofali yake yote yanahesabika.

Nikampelekea uani alipokuwa ameketi. Akapitisha kidole juu ya matofali.

"Mikono yako ilikuwa inatetemeka," akasema. "Mi nikasema, ngoja mutoto apate."

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Hawakusema atakayekatwa ni nani.