Mshono wa Uzi Mmoja

Fundi Asegelile wa Mwaya alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku shaushi, sajini wa Wadachi, alipomwingiza ghalani achague cherehani, aliyapima maneno yake. Ulikuwa mwaka wa kumi na nne, na vita vya Wadachi na Waingereza vilishafika mto Songwe. Mashati ya askari wapya yalirundikwa mpaka darini, na pembeni nembo za tai zilizotariziwa kwa uzi mwekundu. Kazi yake ilikuwa kuzishona kwenye mikono ya mashati, zisitoke.

"Chagua chombo mwenyewe," shaushi alisema. "Nembo moja ikining'inia, mgongo wako utajibu."

Mashine zilikuwa mbili. Moja ilishona kwa nyuzi mbili, ya juu na ya chini, zikakabana. Mshono wake hautoki hata uvutwe na ng'ombe. Ya pili, kuukuu, ilitumia uzi mmoja, kitanzi ndani ya kitanzi. Kwa macho ni imara vilevile. Lakini ukiijua ncha yake, ukivuta tu, wote unafumuka.

Asegelile alikuwa na mtoto mmoja, Yotamu, naye alishaandikwa askari. Waliotoroka mtoni walisimulia kwamba huko ng'ambo, kwa Waingereza, mpagazi akikamatwa hubebeshwa mizigo, basi. Mwenye nembo hapigiwi hodi, ni risasi. Anayekutwa kifua wazi ni risasi pia, maana wanajua kwa nini amevua. Mpagazi na askari walivaa shati lile lile. Kilichowatenga ni hicho kitambaa cha tai.

"Nipe zote mbili," fundi akasema. "Moja ikigoma, nyingine itanisaidia."

Jamani, mwoga hana aibu! Mashati ya watoto wa wenzake, waliokula ndizi nyumbani kwake, aliyapitisha yote kwenye nyuzi mbili. La Yotamu peke yake akalipeleka kwenye uzi mmoja. Moyo ulimsuta, akaunyamazisha. Kisha akamwita mwanawe uani, akamwonyesha ncha chini ya nembo.

"Ukizidiwa, vuta hapa. Usimwambie mtu."

"Ndaga, taata," Yotamu alishukuru, asiahidi kitu.

Marta mkewe alikuwa akifinyanga chungu hapo hapo uani, akasikia. "Umesahau analala wapi huyu?" aliuliza. "Tangu mdogo yuko kijiji cha rika lake, vijana watupu wa umri mmoja. Chakula nikimpelekea, kila mkono unachota."

Asegelile alimwambia ashughulike na udongo wake.

Mvua zilipoanza akarudi kijana mmoja, amekonda: Ambilikile, wa rika la Yotamu. Kwenye mkono wa shati lake hapakuwa na nembo, matundu ya sindano tu. Fundi aliyatambua matundu yale.

"Shati langu lilinibana kwapani, tukabadilishana," Ambilikile alisema, amepiga magoti. "Sisi rika moja, taata, angeninyimaje? Uzi pia akanionyesha. Tulizingirwa kwenye matete, bunduki na visu tumeshatupa. Nikavuta, nikawa mpagazi."

"Na yeye?"

"Alivuta kwa vidole, akavuta kwa meno." Kijana akaangua kilio. "Mshono wako ni imara, taata. Haukutoka."

Kesho yake shaushi alimletea rundo jingine la mashati, akamsifu kwa kazi nzuri.