Pampu Inayosubiri Kimya

Mume wangu hajui kukaa. Tangu tuoane sijamwona akimaliza chai kwenye kiti. Huimalizia dirishani, mlangoni, au chini ya meza akikaza skrubu ambayo wala haijalegea. Alikuwa fundi wa mashine za kufulia hotelini, na wenzake walimbatiza Kimbunga. Hata alipolazwa kwa ajili ya moyo, muuguzi alimkuta amepiga magoti anachungulia magurudumu ya kitanda.

Daktari alimkataza kukimbia, kunyanyua vitu vizito na kuingia kwenye maji baridi. "Tafuta kitu cha kukutuliza," alimwambia. Kimbunga akajiunga na wastaafu wanaoendesha vyombo vidogo kwa rimoti kwenye bwawa la kuogelea, Jumamosi asubuhi kabla halijafunguliwa. Wenzake wana mashua. Yeye, sijui nani alimtuma, akaunda nyambizi.

Basi nikapata mke mwenza. Ililala kwenye meza yangu ya chakula, ndefu kama mkono, tumbo wazi, nami nikawa nakula huku nasomeshwa pampu. Ndani kuna tangi. Pampu, ile ya kurushia maji ya kusafisha kioo aliyoing'oa kwenye gari bovu, ikijaza tangi, nyambizi inazama; ikilimwaga, inaibuka. Tangi likijaa, swichi inaizima pampu isije ikalipasua. Na nyambizi isiposikia rimoti kwa nusu dakika mfululizo, pampu inamwaga maji yote yenyewe.

"Yaani ikipotea, inajirudisha," alinieleza, kijiko kikiwa hewani.

"Umekunywa dawa?" nikamuuliza.

Hilo ndilo lilikuwa neno langu. Nilimuuliza akiamka, nilimuuliza kupitia mlango wa bafu, nilimpigia simu akiwa dukani kwa jirani nikamuuliza. Usiku nilikuwa natega sikio nisikie kama anapumua. Naogopa, na sioni haya kusema.

Jumamosi moja nilimfuata bwawani ingawa hakutaka. Nyambizi ilizunguka vizuri, ikazama, ikaelekea upande wa kina kirefu, ikalala sakafuni na kugoma. Kimbunga akaminya rimoti. Wapi! Akahamia kona nyingine, akaiinua juu ya kichwa, akaminya tena. Akazunguka bwawa zima akiminya na kulaani betri. Kule chini kitaa chekundu cha nyambizi kilikuwa kinapepesa mara moja kila anapominya, basi.

Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Baba Mapacha, unafanya nini?"

"Nafuata chombo changu."

"Maji hayo ni barafu! Subiri mwokoaji wa bwawa aje."

"Ni kuingia na kutoka tu, mama."

Kiatu kimoja kilikuwa kimeshatoka. Wenzake walimsihi, lakini mtu huyo akishaamua hana breki. Mimi moyo ulinienda mbio hadi nikahisi wa kwangu ndio mgonjwa. Nikakitazama tena kile kitaa.

"Kile kitaa maana yake nini?"

"Imesikia kidogo," akajibu akihangaika na kiatu cha pili.

"Ikisikia kidogo, si ile nusu dakika inaanza upya?"

Akakiachia kiatu. Alikuwa anajua; ni yeye aliyeiunda. Nikampokonya rimoti nikaizima.

"Washa!"

"Siwashi ng'o! Kaa chini."

Akakaa kwenye ukingo, mguu mmoja wazi, goti likimchezacheza. Nikamshika kifundo cha mkono nisije nikamkosa. Maji yalitulia kabisa, na mimi nikaanza kuogopa kwamba nimekosea, kwamba sasa atajitupa tu. Halafu mkia ukainuka. Nyambizi ikapanda upandeupande, ikachomoza, pampu ikinguruma hadi tangi likakauka.

Wenzake wakapiga makofi. Yeye hakupiga.

"Ilikuwa inataka kupanda tangu mwanzo," akasema. "Ni mimi niliyekuwa naizuia." Akanigeukia. "Na wewe, ya kwako utaizima lini?"

"Rimoti gani mimi ninayo?"

Akaionyesha simu yangu kwa kidevu. "Kila nikitaka kupumua, unaniminya. Nina moyo mbovu, Mama Mapacha. Akili ninayo."

Nilipandwa na hasira. Nimetoka kumwokoa sasa hivi, na hizo ndizo shukrani! Nikabeba mkoba wangu nikaondoka, nikamwacha na kiatu kimoja. Sikumwambia afunge shati. Lile swali la dawa lilinifika ulimini nikalimeza. Nikapita duka la vipuri, nikakata kona, sikugeuka nyuma, lakini mkono ulikuwa ndani ya mkoba umeishika simu.

Nyumbani niliiweka mezani, pale ilipokuwa inalala nyambizi. Nikafagia kulikofagiliwa. Nikapanga vikombe, nikavipangua. Niliinyoshea mkono simu, nikaurudisha, nikaunyosha tena.

Ikaita.

"Nimekunywa," akasema, na kabla sijafungua mdomo akakata.