Eti Shangazi Hataweza Kikao cha Video

Nani kawaambia uzee ni ugonjwa wa simu?

Leo nageuza kakao zangu juani hapa Bujonde, simu ikalia. Kundi la familia. Mtoto wa kaka yangu, huyo anayeoa, kaandika:

"Kikao cha harusi jioni, kwa video. Shangazi hataweza. Tutampigia baadaye tumweleze."

Mnieleze? Harusi ya kwetu ipangwe bila shangazi?

Amesahau kundi nililifungua mimi. Admini ni mimi peke yangu.

Nikalifunga. Hakuna wa kuandika tena ila mimi.

Haikupita muda, bwana harusi huyo kwenye simu, kwanza salamu ya kwetu: "Mugonile, shangazi? Mbona siwezi kuandika kwenye kundi?"

Nikamjibu: "Tulia, mwanangu. Nitakupigia baadaye nikueleze."

Wenzangu wenye mvi, nifungue au niendelee kuanika kakao?