Siku Nilipomfunika Mpiganaji Khanga

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, kabla jirani hajaniwahi kuusimulia kwa chumvi zake: nilimtupia khanga mwanamke asiyekuwepo. Alikuwa ndani ya televisheni, kwenye gemu, mateke yamepamba moto, na mie, mtu mzima mwenye cheti cha fomu foo, nikavua khanga mabegani nikamfunika yeye pamoja na televisheni yake.

Mie ni mtu wa ndani. Hapa Mtoni wapo wanaonijua kwa kukohoa tu, sura hawajaiona. Safari yangu ndefu ni dukani, na nikikuta foleni huko najihesabu msafiri. Kwa hiyo binti wa kaka yangu alipomaliza shule akaja kukaa nami, na mashine ya gemu kaifungia ndani ya begi la nguo, nilifurahi. Nimepata mtu wa ndani mwenzangu.

Gemu yenyewe ni ya kupigana, mmoja kwa mmoja. Siku aliponionyesha wapiganaji wa kuchagua nilisogea karibu na skrini. Wanaume walivikwa chuma kuanzia kisogoni hadi vidole vya miguu. Kisha akatokea wa kike. Lo! Kiuno cha nyigu, kifua kama kimeazimwa kwa watu wawili, na chuma chake chote ukikikusanya hakitoshi hata kikaangio. Alivaa kama mtu aliyeitwa vitani akiwa anaoga.

"Huyu akichomwa mkuki wa tumbo?" nikauliza.

"Hachomwi, shangazi. Anakwepa."

"Na baridi je, nayo anaikwepa?"

"Shangazi bwana!"

"Si nauliza tu. Hebu fungua kabati lake la nguo, tumtafutie japo dera."

Akacheka, akafungua. Nguo za kubadilisha zilikuwepo tele, na kila moja ilikuwa ndogo kuliko aliyokuwa nayo mwilini. Niliangalia mpaka mwisho, nikiamini dera limewekwa chini kabisa, kama mtumbani.

"Mbona humchukui yule wa kiume mwenye koti?"

"Mzito yule. Huyu ndo mwepesi kuliko wote. Ukitaka wepesi wake, unabeba na hivyo vinguo." Akaigeuza padi ya kuchezea mkononi. "Mie nikicheza hata sivioni. Wao ndo wanaviona."

"Wao kina nani?"

"Wanaonitazama mtandaoni nikicheza, na kuandika maoni. Wanaanza na kifua chake, halafu wanahamia changu."

Nikaenda kuangalia maharage ambayo nilijua hayajachemka.

Sasa kulikuwa na mashindano yanakuja, ukumbini huko Mwenge, watu wakae ana kwa ana. Kuingia, lazima kwanza uwapige wenzako mtandaoni. Binti huyu aliwapiga mmoja baada ya mwingine, akabakiza pambano moja. Akishinda hilo, anakwenda Mwenge. Na hata akishinda, ulikuwepo mlima wa pili: mama yangu, yaani bibi yake, anayekaa Boko, ambaye neno lake katika ukoo wetu halikatiwi rufaa. Tulikubaliana mie ndiye nitakayemwambia, taratibu, kwa simu, bila picha.

Jumamosi ya pambano hilo nilimhakikishia mtoto: "Bibi yako hatoki Boko jua hili." Wakapigana, huyu akachukua raundi, yule akachukua raundi, ikabaki ya kuamua. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi nipate upepo.

"Hodi humu! Nimeona nije nimshtukize mjukuu wangu."

Mama. Nyuma yake jirani yangu, yule anayekaanga mihogo nje ya dirisha langu, kambebea kikapu.

"Shikamoo mama," nikasema, na pale pale kwenye skrini bibie akaruka juu, mguu mmoja ukielekea dari, na vyote alivyojaliwa vikielekea kwa mama.

Mkono wangu haukuniuliza. Sie wa huku kufunika tumezaliwa nako. Nimewahi kumwona dada kaanguka kwenye bodaboda kule Vingunguti, gauni limepanda. Kabla mtu hajauliza kama kavunjika, khanga za wanawake asiowajua zilishatua juu yake. Mwanamke akiwa wazi, unamsitiri kwanza, maswali baadaye. Basi khanga yangu nayo ikatua, maandishi kichwa chini.

"Shangazi!"

"Naitoa, naitoa!"

"Usiguse! Kaa, unanizibia!"

Nikakaa. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hadi leo nikikisimulia mwili unanisisimka.

Ile khanga ilikuwa kuukuu, imefuliwa mpaka imekuwa kama ganda la kitunguu. Mwanga ulipenya. Kiuno hakikuwepo tena, kifua hakikuwepo, mapaja hakuna. Yalibaki madoa mawili ya rangi, na doa la bluu lilikuwa linaruka, linajikunja, linapotea, linazukia nyuma ya mwenzake kama moto uliopata mafuta. Mtoto alikuwa kainamisha kichwa upande, macho nusu kayafumba, anasikiliza. Upanga una mlio wake, teke lina mlio wake, na pumzi ya adui kabla hajarusha ngumi ina mlio wake. Vidole gumba vilikimbia kama sindano ya cherehani. Miezi yote hiyo nimekaa naye nikihangaikia dera, kumbe kazi yenyewe sikuwahi kuiangalia.

Mama, mtu ambaye hajawahi kukanyaga mkeka wa mwenzie na viatu, alikuwa kasimama katikati ya mkeka wangu na viatu.

"Letu ni lipi?" akanong'ona.

"La bluu."

"Inama, mwanangu! Inama! Ee, hapo hapo, mpe!" mama akapaza sauti.

Doa jekundu likalala, lisiinuke. Tarumbeta zikalia. Mtoto akaweka padi chini, na mie machozi yananitoka kama mtu anayemenya vitunguu.

Nikamweleza mama habari ya Mwenge hapo hapo, mbio mbio, kabla moyo haujamrudia. Akasikiliza. Kisha akauliza, "Na huyo tuliyemfunika, kavaaje?"

Nikaangalia ukuta. Mtoto ndiye aliyeinuka, akaivuta khanga mwenyewe. Bibie alikuwa akisherehekea ushindi kwa namna walivyompangia waliomchora: kiuno pembeni, kaanza kutuonyesha mgongo, uso ukafuata baadaye. Mama akamtazama muda mrefu. Akamtazama mjukuu wake. Mtoto akabana pumzi kama anayesubiri sindano.

Jirani akatua kikapu chini, akafuta mikono kwenye khanga yake.

"Bi mkubwa, mwache mtoto aende. Huyo mtu siku zote nikichungulia dirishani yuko wazi hivyo, mie nilidhani ni tangazo la sabuni. Leo mmemfunika ndo nimejua kumbe anapigana."