Tai ya Mjomba na Mashine ya Kujumlisha

Mwaka 1957 nilikuwa na miaka kumi na mitano, na hapo ndipo shida iliponianzia, maana baba alifariki kwetu Andoany, kisiwani Nosy Be, msimu wa mvua, nikatolewa shule nikiwa ndio kwanza nimejua kuandika jina langu kwa Kifaransa bila kutoa ulimi nje, nikapelekwa kiwandani kutafuta riziki. Nayasema haya mapema ili ujue unasoma maneno ya mtu wa namna gani. Sikusoma. Nilichonacho nimekipata kwa kichwa changu na mgongo wangu, na sioni sababu ya kuinamisha uso kwa hilo. Lakini kuna siku moja niliinamisha uso kweli, tena sikuwa na hiari, kwa sababu shingo yangu ilikuwa imenaswa na mashine, na mji mzima wa Mahajanga, bandari ya bara la Madagaska, ukaniona. Wajukuu zangu wameisikia habari hii kwa watu, imeshatiwa chumvi (mmoja kaambiwa nilikuwa uchi), basi bora niiandike mwenyewe.

Kiwandani Andoany walikuwa wanakamua mafuta ya manukato ya maua ya langilangi, na kazi yangu ilikuwa mizani. Akina mama wanakuja asubuhi na vikapu vya maua, mimi napima, napiga hesabu kichwani, natamka, karani wa Kifaransa anaandika. Maua yakimwagiwa maji yanakuwa mazito, kila mpimaji anajua, basi nilikuwa natia mkono hadi chini ya kikapu, nikikuta maji namtazama mwenyewe mpaka anacheka. Msimu wa pilipili manga nilihamia kwenye magunia, na huko ndiko nilikojifunza fundo. Magunia yale yalipakiwa botini kwenda bara, na mabaharia walikuwa na tabia ya kufungua, kuchota kidogo na kufunga tena kama hakuna kilichotokea, kwa hiyo sisi wapimaji tulikuwa na fundo letu, ukishalikaza halifunguki, ukilivuta linazidi kubana, na mwenye gunia akilipokea hana njia ila kukata kwa kisu. Fundo langu hakuna baharia aliyewahi kulifungua. Nilijivunia fundo lile kuliko hesabu zenyewe.

Uhuru ukaja, bendera ikapandishwa, na makarani wa Kifaransa wakaanza kufunga masanduku yao mmoja mmoja kurudi kwao. Mjomba wangu Saidi, kaka yake mama, alikuwa msimamizi wa ghala Mahajanga, kwenye nyumba ya biashara ya Mhindi mmoja aliyeitwa Bwana Gulam, wakinunua ngozi, rafia na korosho, na pale ofisi ya hesabu ilikuwa imebaki na viti vitupu. Mjomba alikuja Nosy Be kwa Idi, akanisikia nikitaja jumla za vikapu bila karatasi, akarudi kwa tajiri wake akamwambia, "Nina mpwa wangu, namdhamini kwa jina langu." Sasa jina la mjomba halikuwa jambo dogo. Kwenye mtaa wetu sisi Wakomoro wa Mahajanga, mjomba alikaa safu ya mbele msikitini na kwenye maulidi alihudumiwa mapema, na mtu wa hivyo akimdhamini mtu akaharibu, anarudishwa nyuma karibu na viatu. Kwa hiyo nilipopanda boti sikuwa nimebeba njaa yangu peke yangu, nilikuwa nimebeba na nafasi ya mjomba.

Majaribio yalipangwa Ijumaa asubuhi. Mkaza mjomba akanitolea tai ya mumewe, ya hariri, ya buluu, ile aliyoivaa siku bendera ilipopandishwa. Mjomba alikuwa anawahi ghalani, akasimama mlangoni akanionya, "Usiikunje, usile wali juu yake, na isirudi na doa. Nyingine sina." Akaondoka. Na mimi tai nilikuwa sijawahi kuvaa maishani. Ningeweza kumwita arudi, alikuwa hajafika hata kwenye kona. Ningeweza kwenda kwa jirani. Lakini nilijiambia, mimi niliyefunga magunia ya Nosy Be nzima nitashindwa na kitambaa? Nikaifunga kwa fundo la pilipili manga. Ikakaa vizuri sana, nyembamba, imenyooka, mkaza mjomba akasema nimekuwa kama mbunge. (Nilikuwa nahema kwa shida kidogo, nikadhani ndivyo wasomi wanavyohema.)

Ofisini nilipokelewa na Bwana Gulam mwenyewe, mtu mwembamba asiyependa maneno, pamoja na Madamu Rasoa, mama wa Kimalagasi kutoka nyanda za juu, aliyesomea uhasibu Antananarivo na ambaye ofisi yote ilimwogopa kuliko tajiri. Pale Kifaransa kilichanganyika na Kimalagasi, mimi nikajibu kwa nilichokuwa nacho. Wakanipa jumla za kwenye karatasi, nikazifanya. Wakanipa za kutoa, nikazifanya. Ningeishia pale ningekuwa mtu. Lakini Madamu Rasoa akafunua kitambaa mezani, na chini yake pakawa na dude la chuma jeusi, lina vitufe vyenye tarakimu, mkanda wa karatasi juu, na mkono wa chuma ubavuni.

"Mashine ya kujumlisha hii unaijua?" akaniuliza.

"Naijua."

"Kule Andoany wanayo?"

"Tunaitumia kila siku, Madamu."

Akanitazama. Andoany tulikuwa na mizani na ndoo. Lakini ulimi ulishatoka, na makarani walishageuza viti kutazama, na mimi siku zile nilikuwa mtu wa kuona haya kusema sijui (ugonjwa wa watu waliotolewa shule mapema, tunadhani tukisema sijui mara moja watajua yote tusiyoyajua). Nikabonyeza vitufe. Nikainama kuona zile tarakimu ndogo zimeandikwa wapi, nikaushika ule mkono wa chuma, nikauvuta kama mtu anayepiga bomba la maji.

Mashine ikavuta karatasi, na pamoja na karatasi ikavuta tai. Nikaona buluu inaingia ndani, nikadhani nikivuta tena itatoka upande wa pili kama karatasi inavyotoka, nikavuta tena. Haikutoka. Nikavuta na mara ya tatu kwa hasira, pakalia kitu ndani, krak, mkono ukagoma, na pua yangu ikawa imelala juu ya kitufe cha saba.

"Kila siku," akasema Madamu Rasoa taratibu. "Na Andoany mnawatoaje?"

Wakajaribu kurudisha mkono nyuma, haukurudi. Karani mmoja akajaribu kunilegezea fundo shingoni, na unalijua fundo lile, kila alipovuta likabana, mpaka nikaanza kuona nyota. Madamu Rasoa akaleta mkasi.

"Usikate, Madamu. Ni tai ya mjomba."

"Shingo je, nayo ni ya mjomba?"

"Hiyo ni yangu, lakini tai ni moja tu anayo."

Sasa mchana ulikuwa unaingia, na Mahajanga mchana ofisi zinafungwa watu wakalale, jua halina mchezo. Mjomba alishafunga ghala ameenda Ijumaa, na fundi wa mashine hapatikani hadi saa tisa. Bwana Gulam alikuwa ameshika ufunguo mkononi. Akasema, "Nikufungie ndani na joto hili, au umfuate mjomba wako akate mwenyewe. Lakini mashine yangu haitembei peke yake. Madamu atafuatana nayo." Angalia, alisema atafuatana nayo, hakusema nami.

Basi nikatoka. Mashine nimeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga (kilo tisa na kitu, mimi ni mpimaji, usibishe), tai fupi imenivuta kidevu chini, na ubavuni kwangu Madamu Rasoa na mwavuli wake, kanyooka, uso mkavu. Na hapa ndipo nisichokuwa nimekifikiria kiliponikuta. Siku zile mwizi akikamatwa sokoni, watu walimfunga alichoiba shingoni wakamtembeza mtaani, kuku, sufuria, chochote, mwenye mali akitembea pembeni. Sasa wewe niambie, ungeniona mimi ungedhani nini?

Nikaita puspusi, kile kigari cha kuvutwa na mtu. Mvutaji akatazama shingo yangu, akamtazama Madamu, akasema, "Mwizi simpakii, wakianza kupiga hawachagui." Akaondoka na kigari chake kitupu.

Hapo watu wakaanza kusimama. Mmoja akatamka "mpangalatra," yaani mwizi, wengine wakaokota neno wakaja nalo nyuma. Nikamsikia mama mmoja muuza maandazi akiuliza, "Kaiba nini huyu?"

"Taipu ya serikali."

"Taipu gani ina mkono? Hiyo ni redio ya polisi."

"Na kavaa tai."

"Wa tai ndio wabaya."

"Madamu," nikanong'ona, maana zaidi ya hapo pumzi sikuwa nayo, "tafadhali waambie mimi si mwizi."

"Niwaambie nini?" akajibu bila kugeuka. "Kwamba unaitumia kila siku?"

Nilikuwa natafuta njia ya kupita uchochoroni nisifike mbele ya msikiti wakati watu wanatoka, lakini umati ulikuwa ndio unaoamua njia, na ukanipeleka pale pale, na sala ilikuwa imekwisha, na watu walikuwa wanatafuta viatu vyao. Mjomba alikuwa kwenye ngazi, kanzu nyeupe, anazungumza na wazee wenzake. Wote wakageuka.

Mzee mmoja akasema polepole, si kwa ubaya, kama mtu anayempa mwenzake mlango wa kutokea, "Saidi, huyu anafanana na yule mpwa wako wa Nosy Be. Labda si yeye."

Mjomba angeweza kusema si yeye. Nakuapia ningemsamehe. Akashuka ngazi, kanzu inagusa vumbi, akasimama mbele yangu.

"Ni yeye," akasema. "Ni mpwa wangu." Kisha akaniuliza, "Umeiba?"

"Sikuiba, mjomba. Imeninasa."

Akaweka vidole kwenye fundo, akalipapasa, na nikaona amelitambua, kwa sababu maghala ya Mahajanga yote yalipokea magunia yetu. "Nani kakufunga hivi?"

"Mimi mwenyewe."

Akatoa kisu chake cha ghalani kwenye mfuko wa kanzu. Nikamwambia, "Mjomba, tai." Akasema, "Nyamaza," akaikata ile hariri ya uhuru penye fundo, chini kidogo ya koo langu kama anavyokata gunia, mashine ikamwangukia mikononi. Nikavuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi.

"Sasa waeleze," akasema. "Kwa sauti, wa nyuma wasikie."

Na mimi, mbele ya Ijumaa nzima, na muuza maandazi, na Madamu Rasoa na mwavuli wake, nikasema mashine ile siijui, sijawahi kuiona, nilisema naijua kwa sababu niliona haya, na tai pia sijui kuifunga, niliona haya hata hilo kumuuliza mjomba. Muuza maandazi akacheka, halafu wazee, na kicheko kikaenda hadi mwisho wa mtaa, na jioni habari ilishavuka na feri hadi Katsepy, ng'ambo ya ghuba. Mjomba hakucheka. Aliibeba ile mashine mwenyewe hadi ofisini, akiwa na kanzu ya Ijumaa, mimi nyuma yake.

Saa tisa Bwana Gulam alifungua, akasikiliza, akamgeukia Madamu. "Unasemaje?"

"Kabla ya mchana amenidanganya mara mbili," akasema Madamu Rasoa. "Baada ya mchana amesema kweli mbele ya watu ambao hata mimi nisingethubutu kuwaambia umri wangu. Nipe mimi. Lakini hiyo mashine asiiguse."

Nikawekwa ghalani kwa mjomba asubuhi, na alasiri nikipewa kona kwenye meza ya Madamu. Yeye ndiye aliyenifundisha uhasibu, mali iliyoingia huku, iliyotoka huku, na pande zote mbili zilingane au hulali. Sharti lake lilikuwa moja, nisichokijua niseme "sijui" kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Mwaka wa kwanza makarani walichoka na sauti yangu. Baadaye wakaanza kuja kuniuliza wao. Mjomba hakurudishwa nyuma karibu na viatu, alibaki safu ya mbele, na kile kipande cha tai kilichobaki alikivaa kwenye maulidi miaka mingi, amekichomeka ndani ya koti ili ufupi usionekane.

Nilikuja kuwa mkuu wa ofisi ile, kisha nikafungua yangu, na waliojifunza hesabu mezani kwangu ni watu wa kila aina, mpishi wa meli, mshona nguo, mwalimu wa chuo cha Kurani, mchuuzi mmoja wa samaki aliyekuwa ananuka kamba hadi wateja wakalalamika, sasa ana ofisi kubwa kuliko yangu. Sikuwauliza shule. Niliwafunulia mashine nikawauliza kama wanaijua. Aliyesema "naijua" huku macho yanazunguka nilimrudisha nyumbani akafikirie, aliyesema "sijui, nionyeshe" alianza kazi siku hiyo hiyo.

Na tai niliapa siku ile sitaivaa tena, na sikuivaa, benki nimeingia bila tai, na siku niliyooa walinisihi wakachoka.

Leo nina nyumba ya mawe Mahajanga, yenye paa la bati na vyumba vinne. Nina shamba la milangilangi Nosy Be, nyuma ya Andoany. Nina ofisi ya hesabu yenye meza sita. Nina mizani mbili, moja mbovu. Nina baiskeli. Nina kisu cha mjomba. Na nina ile mashine ya Bwana Gulam, niliinunua alipofunga biashara, inajumlisha vizuri tu, ila ukiuvuta mkono kwa nguvu inatema uzi wa buluu.