Petroli Ndani ya Koroboi

Nilimwahidi shangazi kwamba nikiandika habari za utoto wetu Mikumi, sitaandika kwamba alikuwa mzembe. Juzi nilirudi likizo nikakuta vijana wakimwita "Mama Koroboi" na kucheka. Basi naandika.

Unaikumbuka miaka ile, ndugu yangu: mafuta ya taa yalikuwa ya foleni, na kiberiti kilikuwa adimu kuliko mafuta. Ndiyo maana koroboi yetu haikuzimwa ilipopungua; shangazi aliijaza ikiwa inawaka, mkono umetulia, huku unga wa maandazi ukiumuka kando yake. Kila nyumba ilifanya hivyo. Maandazi aliwauzia abiria wa barabara kuu, nayo yakanisomesha. Moshi ulitujaza masizi puani, lakini kwa mwanga ule nilijua kusoma.

Kisha serikali ikaruhusu biashara huria. Jirani yetu mwenye duka akaweka pipa la mafuta ya taa barazani, foleni zikaisha, tukamshukuru. Hatukujua kwamba usiku alinunua petroli ya wizi kwa madereva wa malori ya mafuta, akaichanganya humo.

"Shikamoo, mzee. Mbona leo yananuka kama gari?" shangazi aliuliza.

"Marahaba, binti. Foleni zimekwisha, sasa umeanza kuchagua harufu?"

Watu walicheka. Shangazi naye alicheka.

Jioni ile aliijaza koroboi kama siku zote. Moto ulipanda kwenye mafuta aliyokuwa akiyamimina, ukaingia ndani ya dumu. Lori la mbao lilimkimbiza hospitali Kilosa. Bila dizeli ya lori lile angekufa, nami sitaficha hilo. Lakini vidole vyake vilivyoungua vilishikana, na hakukanda unga tena.

Jirani alikuja kutupa pole. "Akina mama nao! Nani anajaza taa inayowaka?" alisema. Uani palikuwa na watu tele, wote walikuwa wamejaza hivyo hivyo jana yake, na hakuna aliyefungua kinywa. Leo jirani huyo ana pampu yake ya mafuta kando ya barabara, na kwenye harambee huketishwa mbele.

Abiria wa alfajiri siku hizi hununua biskuti. Ile harufu ya iliki na maandazi ya moto imepotea.

Nakuomba, msomaji: zima taa kabla ya kuijaza. Na kama unamjua anayechanganya mafuta mtaani kwako, mtaje leo, mbele ya watu.